Maji ya Pili ya Waridi

Duka zima lilicheka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Chowk limefurika, watu wanapitana kwa mabega na muuza chai anawapigia kelele wasimwage birika. Katikati ya vurugu hiyo binti mmoja alisimama mbele ya duka la manukato, moja ya maduka ya kale katika mji wa Lucknow, India, akasema bila kupepesa macho:

"Nataka kitu kisicho na harufu."

Mzee mmoja mwenye ndevu za hina, pamba ya manukato imechomekwa sikioni, alijipiga paja. "Ya Rabi! Mtu anaingia kwa mchinjaji anaomba mchicha!"

Binti hakucheka. Jina lake Shaista, miaka ishirini na minne. Alivaa gauni jeupe lililotariziwa nakshi za maua, mtandio wa rangi ya limau bichi umeteleza hadi mabegani, na mkononi kashika daftari la shule ya jioni.

Nyuma ya meza ya vioo alikuwepo Mujtaba, kijana wa wenye duka, mikono ya kanzu kaikunja hadi viwiko, vidole vinang'aa mafuta. Yeye naye alikuwa anacheka, lakini kwa macho tu.

"Cha kufanyia nini, bibie?"

"Natengeneza manukato ya kupuliza chumbani. Kwetu, jikoni. Harufu ninazo, za mkadi, za waridi, za udongo ulionyeshewa mvua. Nakosa cha kuzibebea."

"Maji ya bomba?"

"Mafuta yanaelea juu. Ukitikisa yanashikana, ukigeuza kichwa yameshaachana."

"Kama mimi na mchumba wangu wa kwanza."

"Sikukuuliza hilo."

Mzee wa ndevu za hina akajipiga paja tena.

"Haya, mafuta ya parafini?"

"Yanaacha madoa. Mteja wangu wa kwanza alinirudishia chupa pamoja na pazia."

"Basi dawa yako ni spiriti. Inayeyusha kila kitu, inakauka upesi, haiozi hata..."

"Spiriti hapana."

Alilisema kwa ukali hata kicheko kikakatika. Akajua amezidisha, akashusha sauti. "Watu wanapuliza kwenye mikeka ya kuswalia. Hawataki."

Ilikuwa kweli. Lakini sababu yake haikuwa hiyo. Sababu yake ilikuwa nyumbani, imeketi kwenye kigoda, inagonga chapa za maua juu ya vitambaa vyeupe ili wanawake wa mtaa wavitarizi. Mzee Intezar, baba yake, alikuwa na miaka sita bila kuonja pombe. Kabla ya hapo alikunywa hadi sufuria za marehemu mkewe zikaisha rafuni kwa kuuzwa. Siku alipoacha alimwekea Shaista mikono yote miwili kichwani akaapa, na Shaista naye akaapa: tone halitavuka mlango wetu, hata la dawa ya kikohozi. Kisha wakahama mtaa. Huku walikohamia hakuna aliyejua, na Shaista alikuwa tayari kula kiapo kingine ili wasijue kamwe.

Mujtaba alimtazama kidogo, akainama chini ya meza, akatoa dumu dogo.

"Kwetu Kannauj tukishachemsha waridi, maji ya kwanza yanauzwa. Halafu tunatia maji mapya juu ya maua yaleyale, tunachemsha tena. Haya ndiyo maji ya pili. Harufu yake ni ndogo tu, kama mtu aliyekuwemo chumbani akatoka sasa hivi. Jaribu."

Mdomo wa dumu ulizibwa kwa pamba na udongo mkavu, kama wanavyoziba vyungu vya shaba kule karakanani. Kwenye udongo palikuwa na alama ya dole gumba.

"Na hii?"

"Dole langu. Maana yake nimeziba mwenyewe. Ukikuta imevunjika, usipokee."

Maji yale yalikubali. Aliyachanganya na tone moja la mkadi, akayatikisa kwa subira, akapuliza juu ya kitanda cha baba yake, Mzee Intezar akafumba macho akasema, "Mama yako alinukia hivi siku ya idi." Shaista aliingia jikoni akalia kidogo, kisha akampigia simu yule kijana wa dukani.

"Halo. Ni mimi, yule wa..."

"Bibi Hana-Harufu! Nilikuwa nazihesabu siku, ya nne leo. Nilisema asipopiga hadi Ijumaa nafunga duka nakwenda hija."

"Ungekwenda tu, ukaombe kupunguziwa maneno."

Mambo yakaanza hivyo. Ikawa kila alasiri kabla ya darasa simu inalia, na Mzee Intezar anauliza bila kuinua kichwa, "Ni yule wa maji?" Shaista anajibu, "Ni yule wa maji," uso umemwiva. Walikula aiskrimu ya maziwa mazito kwenye vibakuli vya udongo, wamesimama, kwa sababu Mujtaba alisema mwanamke akikaa anaanza kuuliza maswali magumu. Lakini Shaista aliuliza akiwa wima vilevile.

"Tukioana, tutaishi wapi?"

"Kannauj. Nyumba ya ghorofa, chini karakana, juu sisi."

"Na baba? Simwachi peke yake."

"Nani kakwambia umwache? Chumba kipo, dirisha linatazama bustani. Atakuwa baba yangu pia." Akampangusa aiskrimu kidevuni kwa ncha ya mtandio wa Shaista mwenyewe, mbele za watu. "Umeridhika, kipenzi?"

Aliridhika. Angeweza kumwambia habari ya baba siku hiyo. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Akayarudisha, maana alimwona akicheka vizuri mno.

Mwezi wa saba mvua zikaanza, na oda kubwa ya kwanza ikaja: chupa mia mbili, ziwekwe kwenye vyumba vya wageni wa harusi. Shaista aliruka jikoni kama mtoto. Mujtaba alimletea dumu kubwa la lita ishirini, limezibwa kwa udongo, dole gumba lipo mahali pake.

Jioni hiyo akampigia. "Mujtaba, mbona haya yana ukali kidogo puani?"

Mujtaba alijibu upesi mno.

"Maua ya mwisho wa msimu, mpenzi. Huwa hivyo."

"Kweli?"

"Mimi nimezaliwa ndani ya chungu cha waridi, wewe unanifundisha?"

Akacheka. Pua yake ilishajua. Ni moyo ulioibishia.

Siku zilizofuata Mzee Intezar alichangamka. Alipiga mluzi. Alisema kazi ya chapa inamuumiza mgongo, bora amsaidie mwanawe kujaza chupa. "Nenda darasani, mama. Hizi nitazimaliza mimi." Shaista alimbusu paji la uso akaenda, akimshukuru Mungu njia nzima kwa baba aliyerudi kuwa baba.

Chupa zikapelekwa. Siku ya sita zikarudishwa, sanduku baada ya sanduku. Ndani ya kila chupa maji yalikuwa yamefanya wingu, na juu yake utando kama wa maziwa yaliyolala.

Alizichukua mbili akatembea nazo kwenye mvua hadi Chowk. Viatu vilijaa tope, mtandio umemgandama shingoni.

"Maji yako yameoza!" Akazigonga juu ya meza ya vioo. Mzee wa ndevu za hina aliondoka taratibu bila kuambiwa. "Jina langu lipo kwenye hizi karatasi, Mujtaba. Jina langu! Umenipa takataka za mwaka juzi?"

"Shaista, tulia..."

"Nitulie? Mama wa bibi harusi kaniita mwizi mbele ya wapishi!"

"Hayawezi kuoza!"

"Yametoa utando, tazama!"

"Nakwambia hayawezi! Niliyatia spiriti!"

Neno lilishatoka.

Mvua ilisikika kwenye mabati. Mujtaba akaja upande wake wa meza, mikono mbele kama anayekaribia ndege. "Sikiliza, kipenzi. Msimu huu maji matupu hayakai. Nilijua yatakuharibikia, na wewe ulikuwa na furaha vile. Nikatia theluthi tu. Ile safi kabisa, hata mwenye kuswali asingetambua. Nilifanya kwa ajili yako."

"Theluthi," Shaista alisema.

"Theluthi. Kwa hiyo sielewi yamefanyaje utando. Labda kama mtu ameongeza maji ya..."

Hakumaliza, kwa sababu uso wa Shaista ulikuwa umeishiwa rangi. Aliziacha chupa mezani akatoka mbio.

Mzee Intezar alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, dumu pembeni yake. Gilasi ilikuwa imeoshwa na kufunikwa juu ya kitambaa safi. Unadhifu ule ndio uliomwambia Shaista kila kitu.

"Nilikuwa narudishia ya bomba," baba alisema. "Nikitoa gilasi, narudishia gilasi. Ili usijue."

"Tangu lini, baba?"

"Siku ya tatu. Siku mbili za mwanzo nilinusa tu."

Shaista akakaa sakafuni karibu naye. Mujtaba aliyemfuata akafika, kalowa chapachapa, akasimama mlangoni. Akamwona mzee, akaliona dumu, akaiona gilasi. Alikuwa na akili ya haraka. Hakuhitaji kuelezwa.

"Kwa nini hukuniambia?" alinong'ona.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulisema ni mikeka ya kuswalia!"

"Na wewe ukasema ni maua ya mwisho wa msimu!"

"Msigombane, wanangu," Mzee Intezar alisema, macho chini. "Udongo aliuvunja binti. Lakini gilasi niliichukua mimi."

Mujtaba akavua viatu, akaingia, akalibeba dumu, akalimwaga lote kwenye mtaro wa nje. Mtaa mzima ulinukia waridi. Majirani walifungua madirisha wakauliza nani anaoa.

Wiki zile zilikuwa chungu. Mzee alitetemeka, akatapika, akatukana, akaomba msamaha, akatukana tena. Safari hii mtaa ulijua. Shaista aliacha darasa. Mujtaba alipiga simu kila siku na Shaista alipokea kila siku, kwa sababu chuki aliitafuta asiione.

"Amekula?"

"Wali kidogo."

"Na wewe?"

"Nimekula."

"Mwongo."

"Sote tu waongo, Mujtaba. Lala salama."

Mvua zilipokatika alikuja kwa heshima, kanzu mpya ya rangi ya maziwa, sanduku la halua mkononi. Mzee Intezar, mwembamba kama kivuli lakini macho yametakata, alimpokea, akawaacha wawili barazani, akaenda kugonga chapa zake kwa nguvu ili wajue hasikilizi.

"Nimekuja kukuchumbia," Mujtaba alisema. "Ningeleta wazee, lakini nimeona nianze na wewe. Nimejifunza kuuliza."

Shaista alitabasamu licha ya yote. Alivaa gauni lilelile jeupe. Alimtazama vidole vile vinavyong'aa, akavitamani.

"Basi na mimi nikuulize. Karakana ya chini bado ni ya waridi tu?"

Chapa zilikuwa zinagonga ndani, toko, toko.

"Kaka ameanza kutengeneza za kupuliza," alisema hatimaye. "Aliona chupa zako. Ameleta mapipa ya spiriti."

"Mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Chini ya chumba chenye dirisha la bustani."

"Chini yake."

"Niambie utayaondoa."

Mujtaba alikuwa na njia ya mkato. Neno moja tu, *nitayaondoa*, na Shaista angelala nalo, kama alivyolala na maua ya mwisho wa msimu. Mujtaba alifungua mdomo. Akamtazama. Akaufunga, akaufungua tena.

"Siwezi. Karakana ni ya kaka. Nikitoka pale sina duka, sina chungu, sina hata maji ya kukuletea. Nimefikiri kila upande, Shaista. Siwezi."

Machozi yalimtoka Shaista, na katika machozi hayo alimpenda kuliko siku zote, kwa sababu hatimaye alikuwa ameambiwa kweli.

"Ahsante," alisema.

"Ndilo jibu lako?"

"Ndilo jibu langu, mpenzi wangu."

Halua ilibaki barazani. Chapa ndani zilinyamaza, na baada ya muda mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Yule wa maji ameondoka?"

"Ameondoka, baba."

"Nimfuate nikamwombe arudi? Mimi nitakaa peke yangu. Nitaweza."

"Gonga chapa zako, baba. Jumatatu narudi darasani."

Waridi zilichanua tena mwezi wa tatu. Asubuhi moja mpagazi wa basi la Kannauj alileta dumu dogo, halina barua. Udongo mdomoni ulikuwa mzima, na dole gumba limekandamizwa kwa nguvu zaidi ya lazima.

Shaista aliliweka mezani. Alikuwa na oda ya chupa arobaini tu, ndogo, na kila moja ameiandika kwa mkono wake: *Maji ya waridi matupu. Itumike ndani ya siku kumi.* Wateja wengi waliona siku kumi ni usumbufu, wakaenda kwingine. Waliobaki, walibaki.

Aliweka dole gumba lake ndani ya alama ile. Likapotea humo, alama ni kubwa. Akalishikilia hapo kidogo. Kisha akachukua mchi akaupasua udongo.

Mzee Intezar alisogea. Hii ilikuwa kazi yake sasa, aliidai mwenyewe, akisema hakuna pua Lucknow nzima inayoweza kudanganywa kwa shida kama yake. Alichovya kidole, akakileta karibu, akavuta pumzi polepole. Shaista hakupumua.

"Safi," baba alisema. Akavuta tena, kuhakikisha. "Kijana hajatia kitu."

"Najua," Shaista alisema, akageuka kutafuta chupa, akachelewa kuzipata ingawa zilikuwa palepale mbele yake.