Bibi wa Katuni Alikula Keki, Mimi Nikaachika

Mimi ni mama wa miaka ishirini na moja, nakaa Iftin hapa Garissa. Shule niliachia darasa la saba, lakini mdomo sikuuacha! Majirani waliniita Sahara Kelele kwa sababu hakuna msiba nilioshindwa kuutilia kichekesho... Huu wangu ndio umenishinda. Mtanisamehe mwandiko.

Niliolewa na Hirsi, fundi wa redio. Kilichotuunganisha ni utani. Nikimtania mara moja, ananirudishia mara mbili. Wallahi nilikuwa na raha!

Hirsi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: katuni. Si zile za watoto. Hii ilikuwa ya familia moja ya vituko, baba mwenye masharubu ya kufagia sakafu, bibi kizee mlafi, na mbuzi wao anayevaa miwani na kusoma gazeti. Kaseti zilikuja na basi kutoka Nairobi, zikaonyeshwa kwenye kibanda cha video karibu na soko. Vijana walizijua kuliko walivyojua ukoo wao... na kwetu mtoto mdogo anakuhesabia ukoo mpaka babu wa kumi! Wakitoka pale ni kubishana. Mbuzi alisema nini? Kofia ilikuwa rangi gani? Nani alianguka kwanza? Ukikosea, unachekwa mpaka unabadilisha njia ya kwenda msikitini.

Sisi wanawake hatuingii kule. Kwa hivyo Hirsi alinileta katuni nyumbani, akaniigizia yeye mwenyewe.

Jioni moja aliniigizia ile ya harusi. Keki ya jirani imepotea, kila mtu analaumiwa. Kumbe mwizi ni bibi kizee! Amekula nusu, iliyobaki ameificha chini ya gauni, anatembea kama mjamzito. Hirsi akachukua mto, akauingiza ndani ya macawis yake, kile kikoi cha wanaume wetu, akapita mbele yangu ameshika kiuno. "Wuuu, huyu mtoto ananipiga teke!" Na mimi hapo nina mimba yangu ya kweli. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Wasomaji wangu, ukumbukeni huo mto...

Siku chache baadaye Hirsi na wenzake walikuwa kwa Dekow, kinyozi, rafiki yake wa tangu utoto na mwenye ulimi kama wembe wake. Hirsi akateleza, akasema keki ililiwa na mbuzi. Loo! Dekow akamrukia.

"Warya, we mwanamume, siku hiyo ulikuwa umelala! Unakoroma kushinda jenereta!"

Watu wakacheka. Hirsi akashikilia kuwa ni mbuzi. Dekow akaongeza, "Fundi, macho yako yameungua na moshi wa redio. Enda uulize Sahara, si ndiye mwanamume kwenu?"

Hapo kicheko kikajaa duka zima. Na Hirsi wangu, mwenye kupenda kuchekesha lakini hapendi kuchekwa, akasimama na kitambaa cha kinyozi shingoni. Akasema, "Kama si mbuzi aliyekula ile keki, mke wangu ni talaka tatu!"

Dekow akaweka wembe chini.

Jamani! Talaka tatu si neno la kutupa. Kwetu mwanamume akitaka kuaminiwa kabisa, anaapa kwa mke wake. Ikiwa amesema uongo, mke ameenda, na kumrudia si rahisi kama kurudi dukani. Nimesikia wanaume wakiapa hivyo juu ya ngamia, juu ya kisima. Lakini juu ya keki ya katuni?

Habari ililetwa na Habaryar Amina, dadake mama yangu, nikiwa napika anjera. Mimi nikacheka! Nikamwambia, "Basi mwambie mbuzi aje anioe yeye." Kisha nikaona uso wake... Anjera ikaungua, sikuisikia harufu.

Sheikh wa msikiti wetu akaamua tusikaribiane mpaka ukweli ujulikane. Itafutwe kaseti, itazamwe mbele ya mashahidi. Nikahamia kwa habaryar na nguo zangu kwenye karatasi ya plastiki. Na kaseti iko wapi? Dereva wa lori ameiazima, ameenda nayo Diff, kule mpakani! Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, lori likakwama njiani.

Nilikuwa nikisikia honi ya lori, nakimbilia mlangoni. Mtaa mzima unauliza, "Ni mbuzi ama ni bibi?" Watoto wanaimba! Mimi niliyezoea kuchekesha watu, sasa nimekuwa kichekesho chenyewe.

Hirsi alikuja nyuma ya ua, akanong'ona, "Usiogope, Sahara. Ni mbuzi."

Hapo ndipo nikaogopa zaidi. Ni mbuzi? Ananiambia mimi, niliyeuona mto? Alikuwa amesahau kweli? Ama mimi ndiye nimechanganyikiwa? Nikaanza kushuku kichwa changu. Wengine wanamwomba Mungu mvua, wengine watoto. Mimi niliomba mbuzi mwenye miwani... Niliomba nikilia.

Lori likafika. Kaseti ikawekwa mchana kibandani, wanaume ndani na sheikh, mimi na habaryar nje, sikio kwenye mabati. Kichekesho kile, na hakuna aliyecheka! Mashine inanguruma tu. Ikafika mahali pa keki. Nikasikia "Rudisha!" Kaseti ilikuwa imechakaa, picha ina michirizi pale pale.

"Rudisha tena!"

"Kwato! Ile ni kwato, wallahi!" mmoja akapiga kelele. Nikamkumbatia habaryar.

Kisha sauti ya mwingine, polepole. "Kwato gani ina pete? Rudisha."

Wakarudisha. "Ni mkono wa bibi," akasema. Aliyetoka wa kwanza ni Dekow. Hakuniangalia. "Abaayo, dada yangu, nisamehe," akasema, akaketi chini kwenye matope na kanzu yake nyeupe.

Lakini sheikh alikuwa na swali moja bado. Akamwita Hirsi pale nje, mbele yetu. "Ulipoapa, uliamini hivyo moyoni? Kama ulisahau kwa haki, hukukusudia uongo, mke wako yuko. Kama ulijua, ameenda."

"Niliamini," Hirsi akajibu haraka. "Wallahi niliamini!"

Watu wakashusha pumzi. Habaryar akanifinya mkono, yaani nyamaza, unarudi kwako. Nami nilitaka kunyamaza! Nilimtaka mume wangu, nilitaka chai yetu na kelele zetu. Lakini nitalalaje kando yake kila siku nikijua? Mtoto akageuka tumboni. Nikasikia sauti yangu, kama ya mtu mwingine.

"Hirsi... ule mto uliouweka tumboni, ulikuwa unaigiza nani?"

Akaniangalia. Na hata pale, wasomaji wangu, akaanza kutabasamu, lile tabasamu la jioni ile... Kisha likafa usoni.

"Walikuwa wananicheka, Sahara," akasema. "Nilitaka tu wanyamaze."

Sheikh akainamisha kichwa. Yakaisha.

Binti yangu alizaliwa kwa habaryar. Ana kicheko cha babake, na kila akicheka natoka nje nijifute macho. Jenereta ya kibanda ikiwaka, bado nashtuka, bado nashika tumbo.

Ndugu zangu wanaume, nawasihi! Mkibishana mkashindwa, semeni "nimeshindwa." Watu watakucheka, ndiyo, lakini wakifika kwao wamesahau. Ukitaka kuapa, apa kwa viatu vyako, utarudi nyumbani miguu mitupu na mlango utafunguliwa. Na nyinyi marafiki, mkiona mwenzenu amekasirika, acheni kumchokoza. Kuna mtu yuko jikoni anapika, hajui kuwa jina lake liko mdomoni mwenu.