Mkono Mpya wa Gia

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Siafu aliitoa baiskeli yake ya milimani ukumbini, akaifuta cheni kwa soksi kuukuu, kisha akamwita mdogo wake. Jina la Siafu alibandikwa na majirani, kwa kuwa alikuwa msichana mdogo wa umbo, lakini akishika jambo haachii. Mdogo wake walimwita Mzee, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na miwili tu lakini alizungumza kama mtu mwenye wajukuu.

"Leo uendeshe kwa adabu," Mzee alisema akijipandisha kwenye kiti cha nyuma. "Mguu wangu una heshima zake."

Mguu huo ulikuwa umetolewa plasta majuzi tu, na daktari alikataza asipande mlima kwa miguu. Shule yao ilikuwa juu ya kilima kikali. Barabara ya magari ilikuwa imechimbwa ili kulazwa mabomba, ikabaki njia ya pembeni peke yake. Mama yao alifua mashuka hospitalini na aliondoka alfajiri. Kwa hiyo Siafu ndiye aliyekuwa gari, dereva na utingo. Baiskeli nyingine za mtaani hazikuwa na gia za kupandia mlima. Yake ilikuwa nazo. Jumatatu ungeanza mtihani wa kufunga mwaka. Mzee alikuwa amelala kitandani sehemu kubwa ya muhula, na akiukosa mtihani angerudia darasa.

Ijumaa jioni, baada ya kumfikisha Mzee nyumbani, Siafu alikwenda na wenzake kwenye ngazi za nyuma ya soko, pale pale mama alipomkataza. Walishindana kuteremka. Alikuwa mbele, akicheka, tairi lilipoteleza. Baiskeli iliangukia upande wa gia, na ule mkono wa chuma wenye viroda viwili vya kupitishia cheni, unaoning'inia nyuma na kuihamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, ukavunjika vipande viwili.

"Mkono wa gia umechakaa, mama," alisema usiku ule. "Umekatika wenyewe."

Mama alishusha pumzi. "Hata chuma huchoka, mwanangu. Kesho nenda kwa Mama Spana."

Mama Spana alikuwa fundi wa baiskeli mwenye mikono mipana na ulimi mwepesi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya grisi, magurudumu yametundikwa ukutani kama vikapu. Walikubaliana kwamba Siafu angelipia kipuri kwa kumwoshea vyuma wakati wa likizo.

"Shikamoo, Mama Spana."

"Marahaba. Kumbe Siafu naye huvunjikiwa? Haya, mkono mpya utaufunga wewe. Mimi nitafanya kazi kwa mdomo. Kwanza niambie, huu ulivunjikaje? Baiskeli ilianguka?"

Siafu aliutazama msumeno uliokuwa mezani. "Hapana. Umechakaa tu."

"Afadhali. Maana ikianguka upande huu, sikio nalo hupinda." Alikigusa kipande kidogo cha chuma kilicho mwisho wa fremu, kinachoushikilia mkono wa gia. "Kupinda kwake hakuonekani kwa macho, mpaka kupimwa. Lakini kama haikuanguka, tusijichoshe."

Sandukuni kulikuwa na mikono mingi ya gia iliyotumika. Siafu aliurukia mmoja mfupi, unaong'aa kama kijiko kipya.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," Mama Spana alicheka. "Usichague kwa macho, chagua kwa kazi. Hesabu gia zako za nyuma."

"Nane."

"Basi tafuta unaokubaliana na kibadilishio cha gia nane, hicho kilicho kwenye usukani wako. Sasa itazame gia yako kubwa ya nyuma. Pana kama sahani! Mkono mfupi hautaifikia. Ukilazimisha, cheni itakazwa mpaka ivunje kitu. Wewe unambeba mtu mlimani, unahitaji mkono mrefu."

Mrefu ulikuwepo mmoja, wenye mikwaruzo tele. Viroda vyake vilizunguka vizuri na springi yake ilirudi kwa nguvu. Siafu akauchukua, ingawa roho ilibaki kwa ule unaong'aa.

Akaanza kazi. Aliufunga kwenye sikio, akaichomoa pini ya cheni, akaipitisha cheni kati ya viroda. Mara ya kwanza aliipitisha upande usio wake, Mama Spana akacheka hadi akashika kiuno. Aliirudia. Akauvuta waya unaotoka kwenye kibadilishio, akaukaza. Kisha akazigeukia skrubu mbili ndogo: moja huizuia cheni isiangukie nje kwenye fremu, nyingine huizuia isiangukie ndani kwenye spoku, zile njiti za gurudumu.

Alizungusha pedeli. Cheni ilihama vizuri kwenye gia ndogo. Ilipofika za katikati ikaanza kurukaruka. Ilipopanda ile kubwa, gia ya mlima, mkono ukagonga spoku: tik, tik, tik.

"Legeza waya kidogo," Mama Spana aliagiza.

Alilegeza. Tik, tik. Akaikaza skrubu ya ndani. Mlio ukakoma, lakini cheni ikakataa kabisa kupanda gia kubwa. Alifungua kila kitu akaanza upya. Wenzake walipita wakimwita wakacheze, hakuinua hata kichwa. Vidole vilichubuka, grisi ikamfika kwenye nyusi, na bado alisema, "Mara moja tu tena." Jua lilipoanza kuteremka, mlio ulikuwa pale pale.

Mzee, aliyekuwa amemsindikiza dada yake na kuketi kwenye benchi na mguu wake wenye heshima, alisema, "Mlio mdogo tu huo. Mimi nitaimba, hatutausikia. Twende tukaijaribu kilimani."

Siafu alikataa kwa kichwa. Alijua mkono ukinaswa na spoku gurudumu hukwama papo hapo. Akauona akilini mguu wa mdogo wake ukiwa chini ya baiskeli.

Mama Spana alijikuna kichwa. "Haya, kosa ni langu. Bila shaka nimekupa mkono mbovu." Akaisogeza baiskeli yake mwenyewe, ile aliyoendea kuwasaidia watu walioharibikiwa njiani, akaanza kuulegeza mkono wake wa gia. "Chukua huu. Mimi nitatembea kwa miguu, sitakufa."

Hapo Siafu aliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Acha, Mama Spana! Mkono si mbovu. Baiskeli ilianguka. Nilikuwa nashindana kwenye ngazi za soko. Nilikudanganya."

Mama Spana aliweka spana chini polepole.

"Kutwa nzima unaniacha nimtibu mgonjwa anayeficha ugonjwa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa mwenye kuumbuka angekuwa huyu mdogo wako."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Fungua tena mkono. Kazi ndiyo kwanza inaanza."

Siafu alifungua bila kunung'unika. Mama Spana alileta fimbo ndefu ya chuma, wakaikaza kwenye tundu la sikio na kuizungusha kandokando ya gurudumu. Juu, kati ya ncha ya fimbo na ringi ya gurudumu palipita kidole. Chini, ncha ilikwaruza ringi. Sikio lilikuwa limepinda kwa ndani.

"Livute nje. Taratibu. Ukilivuta kwa hasira litakatika, na hapo tutalia sote."

Siafu alivuta kidogo, akapima, akavuta tena, akapima, mpaka juu na chini pakawa sawa. Akaufunga mkono kwa mara ya mwisho na kuzungusha pedeli. Cheni ilipanda gia moja baada ya nyingine, ikaikalia ile kubwa, na spoku zikapita bila kuguswa. Mzee alipiga makofi. Siafu alikuwa na furaha nusu, kwa kuwa nusu nyingine ilikuwa ikimngojea nyumbani.

Usiku alimweleza mama yote.

"Baiskeli ni chuma, tungetafuta nyingine," mama alisema. "Ndugu yako hauzwi dukani. Ngazi za soko nisikuone tena."

Jumatatu walianza kupanda. Miguu ya Siafu iliwaka moto na jasho likamwingia machoni, lakini gia haikuruka hata mara moja. Kengele ilikuwa bado haijalia Mzee alipoteremka langoni, akalinyoosha shati lake na kuingia mtihanini kama mkaguzi wa shule.

Alasiri, Siafu alipita karakanani.

"Imepanda?" Mama Spana aliuliza.

"Imepanda. Na nimemwambia mama ukweli."

"Vizuri sana. Sikiliza, mwanangu. Fundi akikuuliza, daktari akikuuliza, mama yako akikuuliza, hatafuti mtu wa kumlaumu. Anatafuta mahali pa kuanzia kukusaidia."