Folda ya Msaada

Kila Ijumaa baada ya shule, Wanjira alipitia ofisi ya kanisa pale Siakago kabla ya kwenda nyumbani. Mukami, dada mdogo wa mamake, ambaye yeye alimwita Tata, alikuwa karani wa ofisi hiyo. Mwaka huo wa 1997 Mukami ndiye aliyekabidhiwa kompyuta ya kanisa. Wenzake Wanjira wa darasa la saba walizisikia kompyuta kwa habari tu. Yeye aliketi mbele ya moja, akashika kipanya chake, na kila aliposali hakusahau kumshukuru Mungu kwa ajili ya Tata.

Mvua ilikuwa imekataa kabisa. Mtama ulikauka mashambani, na kanisa lilikuwa likigawa mahindi ya msaada. Majina ya familia mia tatu, kijiji baada ya kijiji, yalikuwa katika folda iliyoitwa Msaada. Lori lingefika kesho yake asubuhi, na ambaye jina lake halimo kwenye orodha angerudi mikono mitupu. Miongoni mwa hao mia tatu alikuwa jirani yao, nyanya Ciakuthii, aliyekuwa akilea wajukuu wanne peke yake.

Taabu ni kwamba folda hiyo ilikuwa ndani sana. Tata alifungua folda ya Ofisi, ndani yake akafungua ya Mwaka, ndani yake ya Huduma, ndipo akaifikia. Siku hiyo alikuwa ameirudia safari hiyo mara kumi, na mara ya kumi aliguna.

"Leo nitakufunza kitu," alimwambia Wanjira. "Tutaiwekea njia ya mkato hapa mbele, skrini inapofungukia."

Akaishika folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akaiburuta hadi mbele, akachagua kutengeneza njia ya mkato. Picha ndogo ikatokea, yenye kimshale pembeni. Wanjira akaibonyeza mara mbili, na folda ikafunguka papo hapo.

"Asante, Tata."

"Asante ni ya kipanya. Acha nikachukue karatasi kwa pasta, tuchape kabla stima haijapotea."

Wanjira alibaki akiitazama skrini. Nyumbani kwao, kunde za mwisho zikishahamishwa kutoka ghalani hadi kwenye kibuyu cha jikoni, yeye ndiye aliyefagia ghala hadi punje ya mwisho, zisije zikabaki za kulisha fukusi. Mamake hakutaka kabisa kuona kunde mahali pawili. Sasa aliona folda imehamia mbele, na ile ya zamani imebaki kule ndani bure. Basi akaifuata, akaifuta. Alijisikia msichana hodari kweli.

Kisha akaibonyeza ile picha ya mbele. Tochi ndogo ikatokea kwenye skrini, ikamulika huku na huku ikitafuta, isipate kitu.

Alijaribu tena, na tochi ikatafuta tena. Hapo akakumbuka kwamba juzi stima ilipotea ghafla, ikapotea na barua nzima ya pasta, na hakuna mtu aliyelaumiwa. Akinyamaza, stima ingelaumiwa tena, nayo haina mdomo wa kujitetea. Uongo ulikuwa umejileta wenyewe hata kabla hajautafuta.

Tata alirudi na karatasi kwapani. "Ngoja kwanza nimwage takataka," alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoisafisha kompyuta kila Ijumaa. Akakisogeza kipanya hadi kwenye picha ya pipa. Wanjira alimwona nyanya Ciakuthii machoni pake, amesimama kando ya lori na gunia tupu.

"Tata, ngoja. Kuna kitu nimeharibu."

Akaeleza yote, hata habari ya kunde, machozi yakimlengalenga. Mkono wa Tata ulibaki juu ya kipanya. Hakumkaripia. Alilifungua lile pipa, na ndani yake zilikuwamo orodha za vijiji vyote. Akazirudisha zilikotoka, kisha akaibonyeza picha ya mbele. Ikafunguka.

"Kitu ukikifuta kinaanguka humu kwanza," alisema polepole. "Lakini pipa likishamwagwa, hata mimi siwezi kukirudisha. Na hii ya mbele si folda, Wanjira. Ni kama kile kibao cha zahanati pale barabarani. Ukiibomoa zahanati, kibao kitampeleka mgonjwa wapi?"

Walichapa orodha zote, wakamaliza jua likiwa bado juu.

Kesho yake jina la Ciakuthii lilisomwa, akapokea mahindi yake. Alimshukuru Mungu, akamshukuru pasta, akamshukuru Mukami kwa kuyaandika majina vizuri.

"Mshukuru na huyu, cucu," Tata alimwambia nyanya huyo, akimsogeza Wanjira mbele.

Bibi huyo hakuuliza sababu. Alimshika Wanjira mikono yote miwili, akamwombea baraka.

Walipobaki wawili, Tata alimwambia, "Kosa lako ni la mtu anayejifunza, na hilo halinisumbui. Kunyamaza ndiko kungewalaza watu njaa. Wewe ulisema mapema, wakati kosa bado linarekebishika. Nakushukuru sana, mwanangu."

Wanjira aliinamisha kichwa. "Bado naweza kuja Ijumaa?"

"Uje. Kuanzia sasa pipa utalimwaga wewe, ukishaangalia kilichomo."