Simu Iliyorudi Kwingine

Ilikuwa siku ya soko mjini Wote, mwaka wa tisini na saba, na foleni ya simu ndani ya posta ilikuwa imefika mpaka mlangoni. Watu walianza kunung'unika kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyeshikilia simu dakika kumi nzima bila kusema la maana. Alivaa sketi ya bluu ya marinda na sweta jeupe, vifungo vyote vimefungwa licha ya joto.

"Nau, umekula?" aliuliza. Akanyamaza, akasikiliza. "Miguu bado inauma?" Akanyamaza tena.

"Dada," alisema mwanamume aliyekuwa nyuma yake, "huyo hataki kuongea na wewe. Mwache, na sisi tuwapigie wanaotupenda."

Watu wakacheka. Yule mwanamke, Kalunde, aliweka simu chini, akageuka, machozi yakimlengalenga.

"Huyo ni nau, babangu. Hawezi kuongea. Anagonga simu na kijiko. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni la."

Kicheko kikakatika. Kalunde alitoka nje, akapita katikati ya magunia ya ndengu na wauzaji wa vyungu, na alipofika kivulini akasikia mtu anamkimbilia. Alikuwa yule mwanamume wa foleni. Alivaa suruali ya kodrai ya kahawia, na kwenye mfuko wa shati, pale wengine wanapoweka kalamu, aliweka bisibisi.

"Nimeacha nafasi yangu kwenye foleni ili niombe msamaha," alisema. "Naitwa Evanson Njogu. Natengeneza kompyuta. Duka langu liko Kitui, huku nimekuja kazi ya siku mbili."

"Nimeshakusamehe. Rudi upige simu yako."

"Mkono wa babako unafanya kazi?"

Kalunde alimtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Wa kushoto. Anaandika kwa kidole kimoja. Ofisini walipoletewa kompyuta mpya nilipewa moja kuukuu, nikampelekea nyumbani Kitui. Alikuwa hedimasta Kyuso miaka ishirini, hawezi kukaa bila kuandika. Halafu mradi wetu ukanihamishia huku. Sasa anaandika na hakuna wa kumsoma."

"Kompyuta iko, simu iko. Mbona msiziunganishe? Wewe unapiga kutoka ofisini kwenu jioni, kazi ikiisha, mashine ya nyumbani inaitika, na kile anachoandika unakiona kwako saa hiyo hiyo. Unamjibu hapo hapo."

"Unanidanganya."

"Nikudanganye kwa nini? Nimekujua dakika tano tu."

"Wanaume wengine hutosheka na mbili," alisema Kalunde, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Jumamosi iliyofuata Njogu alifika nyumbani kwao Kitui na kompyuta yake mwenyewe chini ya kwapa, imefungwa kwa shuka. Mzee Nzomo alikuwa ameketi dirishani, amevaa koti na tai kana kwamba anangoja mkaguzi wa shule. Ndila, shangazi yake Kalunde aliyekuwa akimtunza mzee, alileta chai na viazi vitamu. Njogu alifungua mashine, akaweka modemu, kile kidude cha kupitisha maneno ya kompyuta ndani ya laini ya simu. Kisha akaunganisha kompyuta mbili kwa waya, moja sebuleni na nyingine jikoni.

"Sitaki kila mtu apige aingie kwenu," alimweleza Kalunde. "Kwa hivyo mashine ikipigiwa, itakata kwanza, halafu yenyewe itapiga namba nitakayoiweka, ya ofisini kwako. Ikikata usishtuke. Ngoja ikurudie."

Kalunde aliketi jikoni mbele ya skrini. Herufi zikajitokeza moja moja: HUYU KIJANA NI WA NANI?

"Anauliza wewe ni wa nani," alisema, uso umemwiva.

"Mwambie bado natafuta mwenyewe."

Kutoka sebuleni wakasikia kicheko kizito kisicho na maneno. Ndila aliweka birika chini, akajifuta macho kwa pembe ya leso. Mzee hakuwa amecheka tangu apatwe na kiharusi.

Lakini kutoka Wote mambo yalikataa. Jumatatu Ndila alikimbilia simu kila ilipolia, akasikia mluzi wa mashine, akaweka chini akiomba Mungu. Jumanne Kalunde aliongea na Ndila, naye akaahidi kuiacha ilie. Jumatano, saa kumi na moja jioni, mashine ya nyumbani iliitika, ikapiga mluzi, ikakata. Kalunde alingoja kurudiwa mpaka giza likaingia. Hakurudiwa. Akampigia Njogu dukani.

"Imekata, na haijanipigia."

Njogu alikohoa. "Acha niangalie. Labda ni kasi ya modemu yako. Ipunguze, ujaribu tena kesho."

Aliipunguza. Alibadilisha waya. Alichomoa simu ya karani kwenye laini ile ile. Kila jioni ilikuwa vile vile: kuitika, mluzi, kukatwa, kimya. Na kila jioni baada ya hapo alimpigia Njogu, na mazungumzo yakaanza kwenye kasi na waya na kuishia kwingine. Alijua sasa kwamba wazazi wa Njogu walitoka Murang'a wakafungua duka Sultan Hamud, na kwamba babake alifariki Njogu akiwa kidato cha pili. Njogu alijua kwamba Kalunde aliacha chuo ili amuuguze mamake, na hakurudi tena.

"Mrembo wa Wote, leo umevaa nini?"

"Gunia."

"Gunia la ndengu au la mahindi? Nataka kuliona vizuri."

Njogu alikuja Wote Jumapili mbili. Baada ya kanisa walitembea barabara ya kuelekea mtoni, na mara ya pili alimshika mkono na hakuuachilia hata walipokutana na mchungaji. Jioni moja Kalunde alimlilia kwenye simu: "Naona kama nau anazama na mimi nashikilia kamba iliyokatika." Njogu alisema tu, kwa sauti ya chini, "Bado naangalia, Kalunde."

Mwisho wa mwezi Kalunde alipata ruhusa ya kwenda nyumbani. Ndila alimpokea kwa kumkumbatia.

"Asante kwa kumpigia babako kila jioni. Amechangamka! Saa kumi na moja ikifika hataki hata chai."

"Mimi? Shangazi, haijakubali hata siku moja."

Ndila alimkazia macho. "Basi anaongea na nani?"

Mzee alikuwa amelala. Kalunde aliwasha skrini, akafungua ukurasa wa mazungumzo, ambao babake huandikia. Ulianza ile Jumatano.

Kalunde, mwanangu, leo mawingu yamekuja yakaenda.

Mzee, huyu si Kalunde. Ni Njogu, fundi. Nilisahau namba ya duka langu ndani ya mashine siku ile ya kujaribu. Yeye anapiga, nyumba inanirudia mimi. Nitarekebisha kesho asubuhi.

Ngoja. Una baba?

Alifariki.

Basi keti.

Kalunde alivuta kiti. Alisoma maneno ya babake akirukaruka. Nimeanguka tena bafuni. Huu mkono nao unaanza kufa ganzi. Kalunde akiona ninavyoandika sasa atajua, na ataacha kazi kama alivyoacha chuo. Usirekebishe. Na chini zaidi: Nimezika watu wengi na kuwafariji wengi, Njogu, lakini mimi naogopa kufa.

Babake hakuwahi kumwambia kwamba anaogopa kitu chochote. Kalunde alizima skrini, akaenda sokoni, kwenye duka la Njogu, bila kuvua viatu vya safari.

Njogu alikuwa ameinamia mashine iliyofunguliwa. Alipoona uso wake aliweka bisibisi chini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile Jumatano."

"Nikakulilia. Kila jioni, Njogu! Ukaniambia nibadilishe waya!"

"Aliniomba. Mzee wa umri ule, ananiomba..."

"Na mimi? Mimi ni nani kwako? Yale maneno yalikuwa yangu. Ulikaa kwenye kiti changu ukamsoma babangu badala yangu."

"Nitaweka namba yako leo."

"Weka. Halafu usinipigie tena."

Jumatatu jioni, ofisini Wote, mashine ya nyumbani iliitika, ikakata, na kabla Kalunde hajavuta pumzi simu ikalia mbele yake. Skrini ikajaa. Umefika, aliandika babake. Kalunde alilia mpaka hakuziona herufi, kisha akajibu: Nimefika, nau. Naijua habari ya mkono. Siachi kazi, na wewe usinifiche tena.

Waliongea hivyo wiki sita. Maneno ya mzee yalipungua, sentensi ikawa neno, neno likawa nusu. Alimwandikia kuhusu mamake, kuhusu ng'ombe wa Kyuso aliyewahi kuingia darasani, kuhusu uoga wake pia. Mara moja tu alimtaja fundi: Kosa langu. Soma yote. Kalunde hakujibu, na hakusoma.

Mvua za Novemba ziliponyesha kwa siku ya tatu, Mzee Nzomo alifariki asubuhi, Ndila akiwa amemshika mkono. Walimzika Kyuso. Kati ya wanaume waliochimba kaburi kwenye udongo ule mzito, Kalunde alimwona mmoja mwenye suruali ya kodrai, matope mpaka magotini. Alichimba, akafukia, akampa Ndila mkono wa pole na kuondoka bila kumsogelea Kalunde.

Wiki moja baadaye, nyumbani Kitui, Kalunde aliwasha kompyuta na kusoma yote, mstari kwa mstari. Mzee, mwambie, aliandika Njogu siku ya pili. Siku ya tano: Siwezi kuendelea hivi, nampenda. Siku ya kumi na moja: Jana amelia kwenye simu. Ukikataa kumwambia, nitamwambia mimi Jumapili. Na babake: Jumapili moja tu zaidi. Nakuomba kama mwanangu. Jumapili hiyo aliyoongezewa ndiyo siku Kalunde alipokuja nyumbani mwenyewe.

Alimkuta Njogu akifunga duka.

"Nimesoma," alisema.

"Hiyo hainitoi kwenye kosa. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza."

"Ndiyo. Ulipaswa." Alisimama akijipangusa mvua usoni. "Maisha yangu yote watu wananikinga, Njogu. Mama alinificha ugonjwa wake mpaka akashindwa kuamka, nau akanificha wake. Wanadhani ni upendo, na mimi ndiye nabaki nje ya mlango. Sitaki mtu wa kunikinga. Nataka wa kuniambia."

Njogu alibana kufuli, akaweka funguo mfukoni.

"Basi nikuambie. Nataka kukuoa. Na mamangu hataki. Nimemwambia mara mbili, na mara mbili amesema sisi ni Wakikuyu, hatamkaribisha msichana wa Kikamba mezani kwake. Mara ya pili alilia. Ningeweza kungoja nikuambie akishabadilika, lakini sijui kama atabadilika."

Kalunde alihisi yale maneno yakimchoma, kisha akahisi kitu kingine chini yake, imara, kama sakafu.

"Anaitwa nani, mamako?"

"Wariara."

"Jumapili yuko nyumbani?"

"Yuko, kule Sultan Hamud. Lakini Kalunde, anaweza kukufukuza."

"Anifukuze nikiwa nimefika," alisema. Akamshika mkono, wakashuka pamoja kuelekea nyumbani kwao, alikokuwa Ndila.