Mwalimu Kiptum Alipomwita Chepkurui

Sanamu ya kichanga ndani ya kompyuta ilipiga chafya, na Mwalimu Mkuu Kiptum akacheka mpaka kitambi kikamtikisika. Madam Nyanchoka, mwalimu wa sayansi, hakucheka. Hakuna aliyekuwa ameifundisha sanamu hiyo kupiga chafya.

Kiptum alipenda kujishaua. Vyoo vya shule yake, huku juu ya Longisa kwenye mashamba ya chai, vilikuwa vimebomoka, lakini alipoletewa miwani ya kompyuta, ambayo mtoto akiivaa anajiona yumo katika dunia nyingine, akajiona yeye ndiye aliyevumbua moto. Watoto wa Gredi ya Nane walijenga humo kijiji cha zamani ili wajifunze maisha ya mababu. Wageni wa kaunti walipokuja, Kiptum akamvisha miwani binti yake Joan, akambebesha ile sanamu, akaanza kuiitia majina ya wafu.

Ndiyo desturi ya Wakipsigis. Mtoto akizaliwa, marehemu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja, na kichanga hupiga chafya likitajwa jina la yule aliyerudi. Lakini hiyo ni kazi ya akina mama waliokula chumvi nyingi, wanaojua nani wa kuitwa na nani wa kuachwa alale. Kiptum, asiyejua hata kaburi la babu yake liko wapi, majina yalimwishia upesi. Akaokoteza la shangazi yake Chepkurui, aliyekufa akiulaani ukoo mzima. Hapo ndipo chafya ilipotoka.

Wageni wakapiga makofi. Bure kabisa wale. Wangeipigia makofi hata nyumba inayoungua.

Joan akavua miwani. Darasa likajaa harufu ya ugoro. Akajitazama mikono, akasema kwa sauti ya kikongwe, "Mwili mwembamba, lakini utanitosha."

"Mwalimu," Nyanchoka alinong'ona, "huyu si Joan."

"Madam, usiniaibishe. Hiyo ni drama tu."

Nyanchoka akaivaa miwani mwenyewe, akajikuta katikati ya kile kijiji, ukungu umetanda ambao hakuna mtoto aliyeuchora, na mahali fulani mtu analia, akaufuata mlio huo nyumba baada ya nyumba, moshi wa kuni ukimwasha koo ingawa miwani haina moshi, mpaka akamwona msichana wa sweta ya shule ameng'ang'ania nguzo, analia, "Madam, nitoe hapa! Sioni njia!"

"Yuko humu," Nyanchoka akasema. "Mwite mama yako, aje aite jina lingine. Tafadhali, usiguse hiyo kompyuta."

"Wewe umetoka Kisii juzi, utanifundisha mila yetu?"

Wageni walikuwa wameanza kunong'onezana, na Kiptum aliona heri kifo kuliko aibu, hata kiwe kifo cha mtu mwingine. Akabonyeza kitufe cha kompyuta, akafuta kijiji kizima. Ndani ya miwani, msichana alikatika katikati ya neno, kukawa giza.

"Haya, imeisha," Kiptum akasema, akijipangusa jasho. "Joan, salimia wageni."

Yule aliyevaa sweta ya Joan akainuka, akampapasa Kiptum kichwani kama mtoto aliyetumwa akarudi upesi.

"Asante, mtoto wa kaka yangu," akasema. "Nilikuwa naogopa mwenye mwili huu atarudi."