Martine na Kiota cha Korongo

Kila Jumamosi Martine na mama yake walitoka sokoni Nyawera kwenda kwa tonton Aloys, mjomba wa Martine, kuchuma mboga za lengalenga za kuuza. Shamba la tonton lilipakana na kinamasi, na sehemu moja ya matete hakuikata kamwe, hata majirani walipomcheka. Mwaka huu hawakucheka tena: korongo wawili wenye taji walijenga kiota humo wakataga mayai.

Martine akavimba kichwa. Alipiga picha kwa telefone ya mama, akaiweka Facebook, na sifa zikamiminika. Mtu asiyemjua akauliza kiota kiko wapi. Bila kusita, akamwandikia njia yote, mpaka kwenye tanuri la matofali lililo karibu na shamba.

Siku chache baadaye tonton alimpigia mama simu. Wanaume wawili wenye pikipiki na wavu walifika kwenye tanuri wakiulizia kiota. Walifukuzwa, lakini waliapa kurudi, na tonton alishuku kwamba jirani yake ndiye aliyewaelekeza. Martine angeweza kunyamaza, wala hakuna ambaye angejua. Akamwomba mama simu.

"Ni miye nilibaambia, tonton. Niliandika njia yote."

Tonton akamjibu: "Asante kwa kusema kweli. Nilitaka kugombana na jirani bure. Picha, uifute. Lakini benye baliiona, hatuwezi kuifuta mu vichwa vyabo. Utakuya kulinda pamoja na sisi."

Likizo ilikuwa imeanza. Martine alifuta picha, akaenda kulima na majirani kandokando ya kinamasi kila siku kutwa nzima, huku wakikilinda kiota, mikono ikamtoka malengelenge. Wale wanaume waliporudi, walikuta watu wengi wenye majembe, wote wakiwatazama. Wakageuza pikipiki, wasionekane tena.

Mayai yakaanguliwa. Martine aliyaona makinda yakimfuata mama yao majini, akajawa na fahari ambayo hakuwahi kuipata kwa sifa za Facebook. Telefone ya mama ilikuwa mfukoni, naye akaiacha humohumo.

Tonton alimwona, akacheka. "Mbele ya kuonyesha kitu, ujiulize nani ataona, na atakuya kufanya nini. Nyumba ya mutu, mutoto, hata kiota cha ndege, si vya kutangazia kila mutu. Leo ujivune, umebalinda."

Martine akajivuna kwelikweli, njia nzima ya kurudi nyumbani, bila kumwambia mtu yeyote.