Mtoto wa Mikono

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili: kuleta mkate wa moto, na kumsomea mama habari za siku huku yeye akianza kufuma. Mama hufuma mazulia, kama wanawake wengi wa mji wetu wa Kairuani, na macho yake hayawezi kuwa mahali pawili. Akisikia jambo asiloliamini, husimamisha uzi na kuuliza, "Nani kasema hayo? Hebu rudia." Nami hurudia.

Kwa hiyo mtanielewa nilivyokasirika siku Mwalimu Nizar aliponipa kadi nyekundu.

Mwalimu Nizar alitufundisha Kiarabu katika mwaka wa pili wa shule ya kati. Alikuwa kijana, mcheshi, mpenda mambo mapya. Jumatatu hiyo aliingia darasani simu mkononi.

"Sikilizeni! Wanasayansi wamethibitisha kwamba kila mtoto ana mlango mmoja wa kujifunzia. Kuna wa macho, kuna wa masikio, kuna wa mikono. Leo kila mtu ataujua mlango wake."

Akatugawia maswali kumi na mawili. Ukipotea njia, unatazama ramani au unauliza mtu? Ukinunuliwa kitu kipya, unasoma maelezo au unakishikashika? Nilijibu kweli tupu: nakishikashika. Nani asiyeshika?

Watoto wa macho walipewa kadi za buluu, wa masikio za kijani, na sisi wa mikono nyekundu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Darasa letu lilikuwa na gazeti la ukutani, na mimi ndiye niliyesoma habari na kuchagua zipi zibandikwe. Sasa Mwalimu alisema wenye buluu ndio watasoma na kuandika. Wenye nyekundu watakata karatasi na kupaka gundi.

"Lakini Mwalimu, hiyo kazi ya kusoma ni yangu," nilisema.

"Najua unaipenda, Emna. Ila mlango wako ni mikono. Usishindane na maumbile yako."

Sirin, niliyekaa naye dawati moja tangu tukiwa wadogo, alinisogezea mkasi. "Haya fundi, shika chombo chako! Kusoma tuachie wenye macho."

Darasa zima likacheka. Nilikata karatasi kwa hasira hadi kidole kikachubuka.

Wiki mbili baadaye mama aliitwa shuleni. Mwalimu Nizar alimkaribisha vizuri, akamwambia kwamba ameiandikia ofisi barua: mwakani nihamishiwe chuo cha ufundi.

"Ana mikono mizuri, Mama Emna. Kama yako."

Mama akaitengeneza shela yake begani.

"Mwalimu, ufundi si aibu. Ndio ulionilisha mimi na huyu. Siku akiutaka, nitamfundisha mwenyewe. Lakini wewe humpeleki kwa sababu anautaka. Unampeleka kwa sababu ya maswali kumi na mawili. Nani kasema yanatosha?"

"Wanasayansi, mama."

"Wepi?"

Mwalimu akakohoa. "Ni habari niliyoisoma."

"Basi mpe na yeye aisome."

Mwalimu akaniandikia ilipo mtandaoni, nami nikaichapisha na kwenda nayo maktaba ya mtaa. Mara ya kwanza sikuelewa kitu; hasira ilikuwa imejaa machoni. Bi Widad, mtunza maktaba, aliniwekea penseli mbele yangu.

"Hasira haisomi, binti. Pumua, uanze upya. Pigia mstari kila unapokuta jina la mtu, tarehe, au mahali."

Nilisoma tena ukurasa mzima, na penseli haikugusa karatasi. Wanasayansi hawakuwa na majina. Chuo chao hakikutajwa. Utafiti wenyewe ulifanywa "hivi karibuni", lini hakuna ajuaye. Kichwa cha habari kilipiga kelele kwamba jambo limethibitishwa, lakini ndani waliandika "huenda". Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, nikaona kwamba walioandika habari ile ndio waliokuwa wakiuza zile kadi!

Bi Widad alinisaidia kutafuta maandishi mengine, yenye majina na tarehe. Watafiti hao walikubali kwamba kila mtu ana namna anayoipenda ya kujifunza. Lakini walipochunguza majaribio mengi, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa namna hiyo peke yake.

Nilichukua karatasi kubwa nikaandika kwa wino mwekundu: MWALIMU NIZAR ALITUDANGANYA.

Bi Widad akaisoma. "Una hakika alijua kuwa si kweli?"

"Alitupa kadi! Ameandika na barua!"

"Hayo nimeyasikia. Nimeuliza kama alijua."

Nilifunika kalamu yangu ya wino mwekundu.

"Kukosea ni jambo moja, kudanganya ni jingine. Kichwa chako cha habari kimetoka mbio, kimeiacha habari nyuma. Umefanya walivyofanya hao wauza kadi."

Niliona anamtetea. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka bila kuaga. Nilifika mlangoni, nikasimama, miguu ikakataa. Nikarudi, nikaichana ile karatasi, nikaandika nyingine: HABARI YA KADI HAINA USHAHIDI.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikasimama mbele ya darasa, nikasoma yote niliyoyapata. Uso wa Mwalimu Nizar ulibadilika.

"Emna, unanifundisha kazi yangu mbele ya wanafunzi wangu?"

"Hapana, Mwalimu. Ninasoma habari. Kazi uliyoninyang'anya."

Hakuna aliyecheka. "Kaa chini," alisema. Nilikaa. Akaichukua karatasi yangu, na kengele ilipolia akatoka bila kutupa kazi ya nyumbani.

Kesho yake alikuja na bahasha tupu, akapita dawati kwa dawati akikusanya kadi zote. Sirin alipotoa yake alininong'oneza, "Bado umenikasirikia?"

"Sana."

"Una haki. Kadi yangu ilisema mimi ni macho, na ile habari hata sikuitazama."

Mwalimu Nizar alisimama mbele yetu. Hakuchekesha watu siku hiyo.

"Jana usiku nilisoma alichokisoma Emna," alisema. "Yuko sahihi. Habari ile ilinifurahisha, nikaiamini kwa sababu ilinifurahisha. Sikuuliza nani kaiandika wala anapata nini. Nyinyi msifanye hivyo. Habari ikikufurahisha mno, isome mara ya pili. Ikikukasirisha mno, isome mara ya tatu. Na asije mtu yeyote, hata mwalimu, akakwambia huwezi kujifunza jambo kabla hujalijaribu kwa macho, kwa masikio na kwa mikono yako yote miwili. Emna, nisamehe."

Nilikuwa ningali na hasira, na sikutaka kujifanya sina.

"Nimekusamehe, Mwalimu," nilisema. "Lakini ile barua bado iko ofisini."

Mwalimu Nizar alinitazama, akaweka chaki mezani, akatoka. Tulisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi hadi ofisini. Alichukua muda. Aliporudi alikuwa ameishika barua mkononi, akanipa mimi niichane.

Kabla sijaichana, niliisoma.